Bahati kwenye pakiti
Kijana anayeshika padi kwenye kibanda cha gemu Majengo au Pasua, hapa Moshi, hulipia mechi, na anajua anachopata. Anayenunua pakiti ya wachezaji kwenye gemu la mpira la kampuni ya EA hulipia bahati: pengine atatoka Mbappé, pengine wachezaji asiowahitaji, na hela hairudi. Ubelgiji iliita pakiti za aina hiyo kamari mwaka 2018, na mapema 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za FIFA, zinazotumika kununulia pakiti hizo. Wanaozitetea watasema halazimishwi mtu, na watengenezaji wana gharama. Kweli kabisa, basi wauze uwanja mpya au jezi kwa bei inayoonekana. Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, na mtoto wa Kibosho aliyeshika simu ya mzazi yenye salio anastahili kinga hiyohiyo.