Nani Atakuwa Adui?



Mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja kututembelea hapa Kilwa Masoko. Pamoja na sukari na doti ya khanga, alimletea mwanangu wa tatu, mwenye miaka tisa, furushi la vitabu vya katuni vya Kiingereza, vilivyochakaa majalada, alivyovinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Nilishukuru. Mtoto anayesoma ni mtoto aliyetulia, nami nilikuwa na nguo za kufua. Tena sisi wenyewe tulikua tukisoma gazeti la Sani na kumcheka Madenge, wala hatukuharibika.

Vitabu hivyo vilikuwa vya kundi la mashujaa liitwalo X-Men. Wiki nzima kijana wangu hakubandua macho humo. Maneno yaliyompita kimo aliyasoma kwenye picha. Jioni aliwasimulia wenzake chini ya mwembe, na haikuchukua siku hadithi ikawa mchezo. Mmoja akawa anatoa kucha za chuma, mwingine anarusha moto kwa macho, mwingine anaruka kutoka kwenye tawi hadi roho yangu inaruka naye.

Siku moja nilikuwa nimekaa uani nakuna nazi, nikawasikia wanagawana nafasi. "Mimi Wolverine!" "Mimi Cyclops!" Kisha nikaisikia sauti ya mwanangu: "Wewe utakuwa adui. Si wewe ndiye mutanti wa kweli?"

Nikainua kichwa. Aliyeambiwa hivyo ni mtoto wa jirani yetu, mvulana wa miaka minane, mwenye ualbino. Alicheka kama wenzake, akakubali. Wakamkimbiza kuzunguka nyumba wakipiga kelele, "Mkamateni! Mkamateni!" Nami, nakiri mbele yenu, niliinamisha kichwa nikaendelea kukuna nazi.

Kesho yake hakuja kucheza. Keshokutwa hakuja. Siku ya nne nilikutana na mama yake bombani. Tulipokwisha kuamkiana nikamwuliza mbona mtoto hatumwoni. Akatua ndoo, akasema kwa upole, "Dada, mimi simkatazi kucheza. Lakini nikisikia watu wanamkimbiza mwanangu wakisema akamatwe, siwezi kukaa ndani. Hata wakiwa watoto."

Hakuongeza neno, wala hakuhitaji kuongeza. Ninyi nyote mnakumbuka habari za miaka ile ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino walipouawa na wengine kukatwa viungo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kanda ya Ziwa ni mbali na Kilwa, lakini hofu ya mama haijui mipaka ya mikoa.

Nilirudi nyumbani na nia moja tu, kuvitia vile vitabu jikoni viwashie moto. Mume wangu akaniambia, "Visome kwanza. Huwezi kumhukumu mtu hujamsikiliza." Basi usiku ule nikakaa na mwanangu mezani, yeye ananitafsiria, mimi natazama picha.

Hadithi hizo zilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1963. Aliyeziandika ni Stan Lee, na aliyezichora ni Jack Kirby. Mutanti, katika hadithi hizo, ni mtu aliyezaliwa na badiliko katika chembe za urithi, ambalo kwa kawaida humpa uwezo wa ajabu anapobalehe. Mwalimu wao ni Profesa Xavier, anayetembelea kiti cha magurudumu. Adui wao mkubwa ni Magneto, anayeamrisha chuma kikamtii.

Mimi nilikuwa nikidhani mashujaa ni watu wa kawaida na maadui ndio mutanti. Sivyo hata kidogo. Mashujaa ni mutanti na maadui ni mutanti, wote wamezaliwa namna moja. Hadithi za baadaye zinaeleza kwamba Magneto alipokuwa mtoto alifungwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Alitoka humo akiamini kwamba mutanti hawatapata amani mpaka wawatawale wanadamu wengine. Xavier anaamini wanaweza kuishi pamoja. Vita yao yote imetoka hapo. Kuzaliwa hakukumfanya yeyote kati yao awe mbaya. Kila mmoja amechagua njia yake.

Tukafika mahali penye mitambo mikubwa yenye sura ya watu, iitwayo Sentinels. Mitambo hiyo imeundwa na binadamu ili kuwawinda mutanti. Nikamwuliza mwanangu, "Katika mchezo wenu wa juzi, nani alikuwa anawinda?"

Alikaa kimya, akichezea ncha ya ukurasa. Kisha akasema, "Sisi."

Sikumchapa wala sikumhubiria. Neno hilo alilisema mwenyewe, nalo lilimwingia kuliko fimbo.

Tukaendelea kufunua. Mwaka 1975 liliingizwa kundi jipya la mashujaa, na ndani yake yumo mwanamke aitwaye Storm, jina lake la kuzaliwa Ororo. Mama yake anasimuliwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, na ni huko Kenya Profesa Xavier anamkuta, watu wakimwabudu kama mungu kwa sababu anaamrisha mvua na radi. Ngozi yake ni nyeusi, nywele zake ni nyeupe pe. Mwanangu akaruka kitini. "Mama! Basi yeye awe Storm! Nywele zake nyeupe! Tutamwambia ana nguvu za radi!"

Nilifurahi, kisha nikasita. Fikirini nami, akina mama. Hao waliowawinda watu wenye ualbino hawakusema kwamba ni watu dhaifu. Walisema viungo vyao vina nguvu za ajabu. Na tangu tukiwa wadogo tumesikia ikisemwa kwamba watu hao hawafi bali hutoweka. Kumwita mtoto mkosi na kumwita mwenye nguvu za miujiza ni maneno mapacha, maana yote mawili yanamtoa katika hesabu ya watu. Nikamwambia mwanangu, "Hana radi. Ana ngozi inayoungua na macho yanayoumizwa na jua. Ni mtoto kama wewe."

Ualbino ni upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho. Kwa kawaida mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, ambao wote wanaweza kuwa weusi kama sisi bila kujua kwamba wanaubeba. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Si laana, wala si ushahidi kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Hata wanafunzi wa Yesu, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kwanza kujua kosa ni la nani, na jibu walilopewa halikumlaumu yeye wala wazazi wake. Lakini wangapi kati yetu tumemwona mwanamke akiachwa na mume kwa ajili ya mtoto wa namna hii, nasi tukanyamaza?

Na kama watoto wetu wanataka shujaa, si lazima aletwe kutoka Marekani. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi wa jimbo katika nchi yetu. Kabla yake, mwaka 2008, Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa na Rais kuingia Bungeni. Hawakurusha radi. Walisimama mbele ya watu wakasema, wakasikilizwa. Mwanangu hakujua kwamba mji wa mkoa wake mwenyewe una habari kama hiyo. Kosa ni langu, sikuwahi kumwambia.

Basi nina maneno machache kwenu. Kwanza, usichome kitabu cha mtoto kabla hujakisoma naye. Kila anapokuonyesha adui, mwulize, "Huyu amefanya nini?" Wachoraji wengi humpa mtu mbaya sura ya kutisha, na mtoto hujifunza kuchukia sura badala ya kitendo.

Pili, mtoto mwenye ualbino akija kucheza kwako, mtafutie kivuli. Asitoke juani bila kofia pana na mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua yapo, hata hapa nchini yanatengenezwa Moshi. Mama asiyeyapata aulize kituo cha afya. Shuleni akae karibu na ubao, maana wengi wao hawaoni mbali.

Tatu, ukisikia neno baya uani kwako, weka mbuzi wa nazi chini, uinuke. Mimi sikuinuka, na mtoto wa mwenzangu alikaa ndani siku nne.

Jioni iliyofuata tulikwenda kwa jirani, mimi na mwanangu. Yeye aliomba radhi kwa mwenzake, mimi nikaomba kwa mama mtu. Jumamosi, jua lilipopoa, yule mvulana alikuja na kofia yake. Mama yake akaja naye, tukakaa barazani tukichambua mchele. Watoto wakaanza tena kugawana nafasi, na mwanangu akamwambia achague wa kwanza.

"Magneto," akajibu bila kufikiri. "Ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Na leo mimi ndiye ninayewakimbiza."

Wakatawanyika wakipiga mayowe, yeye nyuma yao. Mama yake aliinua kichwa akawatazama mpaka walipopotea nyuma ya nyumba. Wakatokea upande wa pili, wote, wakicheka. Akainama, akaendelea kuchambua mchele.

Tuonane mwezi ujao.