Mwerezi wa Mulanje

Katika nchi ya Malawi uko mlima mkubwa uitwao Mulanje, ambao kilele chake chafika mita 3,002. Juu yake, penye baridi na ukungu, huota mwerezi usioota kwa asili mahali pengine po pote duniani. Si wa ukoo mmoja na mierezi ya Lebanoni aliyojengea Mfalme Sulemani hekalu, lakini sifa zake zafanana nayo: mbao zake zanukia, mchwa hawazili, wala hazioza upesi. Kwa hiyo watu waliutafuta kwa kujengea nyumba na mashua.

Basi sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Mwaka 1984 ulifanywa mti wa taifa, lakini heshima ya jina haikuzuia shoka wala moto. Leo miti iliyokomaa karibu imekwisha yote.

Wako wasemao, “Maskini na akate, maana mti ni riziki yake.” Neno hili lina huruma, lakini mwerezi hukua polepole mno, akataye bila kupanda auza riziki ya mwanawe. Wengine husema, “Miche imekwisha kupandwa, yatosha.” Haitoshi, kwa kuwa moto mmoja wa kiangazi waweza kuteketeza kazi ya miaka mingi. Adamu hakupewa bustani ale matunda yake tu, bali ailinde pia.

Basi haki ni hii: maskini aliyelipwa ujira wa kukata, na alipwe ujira wa kulinda.