Mawe Yetu Yanataka Wasomi Wetu

Mali ya nchi si dhahabu na ng'ombe peke yake. Kumbukumbu za watu nazo ni mali. Huibiwa, huharibika na hufa kama mali nyingine, tena zikifa haziachi mbegu. Na kama ng'ombe atakavyo mchungaji, ndivyo kumbukumbu zinavyotaka watu waliofundishwa kuzitunza. Leo twapenda kusema na wananchi wa Ringwani, na wa Serengeti na Tarime kwa jumla, juu ya watu hao: kazi yao ni nini, hufundishwa wapi, na kwa nini hapana budi baadhi yao watoke katika vijiji vyetu.

Dunia nzima yawajua nyumbu wa Serengeti. Mbuga ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Ilitiwa kwa ajili ya wanyama na nyika. Lakini Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waikizu na jirani zao, ambao mababu zao walilima, wakawinda na kuchunga pembeni na ndani ya nyika ile, hawasikiki sana katika habari hizo. Mgeni hupita lango la Ikoma asijue kuwa kuna watu wenye historia.

Na historia ipo. Katika vilima vya upande wetu yako mabaki ya maboma ya mawe ambayo watu wa karne ya 19 walijikingia wakati wa vita na njaa. Waikoma wanazo pembe za ndovu waziitazo Machaba, ambazo kwao si meno ya mnyama tu bali ni agano la kabila. Ikoma pana magofu ya ngome ya Wajerumani. Pana mahali pa emisambwa, na pana hesabu ya rika za Saai na Chuma, ambayo kwayo mzee aweza kupanga miaka bila kalenda. Haya yote hayana mlinzi ila kichwa cha mzee, na kichwa cha mzee hakirithiwi kwa wosia.

Twende ng'ambo ya mpaka tuone jirani amefanya nini. Katika Migori, nchini Kenya, pana boma la mawe liitwalo Thimlich Ohinga, ambalo wataalamu wakadiria lilijengwa karne ya 16. Kuta zake zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila chokaa wala udongo, na bado zimesimama. Wenyeji na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walilitunza, wataalamu wakalipima na kuliandika, na mwaka 2018 likaingia katika urithi wa dunia. Yale ni mawe kama yetu. Tofauti ni kwamba yalipata watu wa kuyapima na kuyaandika.

Labda mtu atasema sheria ipo, itatulinda. Kweli ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yasema kuwa jengo au ngome iliyojengwa kabla ya mwaka 1886 ni kumbukumbu inayolindwa, na Waziri anao uwezo wa kutangaza nyingine za baadaye. Lakini tufikiri vizuri. Maboma ya karne ya 19 yamekaa pande zote mbili za mwaka huo. Nani atakayesema ukuta huu ni wa 1870 na ule ni wa 1890? Hakimu hawezi. Polisi hawezi. Awezaye ni mtu aliyesomea akiolojia, akikaa pamoja na mzee ajuaye rika iliyojenga. Asipokuwapo mtu huyo, sheria ni karatasi, na mwenye shida ya mawe ya msingi wa nyumba atayachukua yaliyokwisha pangwa, wala hatajiona amekosa.

Tena liko neno kubwa zaidi. Anayechimba ndiye anayesimulia. Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1957, na mkuu wake alikuwa Mwingereza, Neville Chittick. Masomo ya akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hayakuanza mpaka mwaka 1985, miaka 24 baada ya Uhuru. Katika wakati huo wote vijana wetu walisomeshwa kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni. Walipokuja wasomi wetu wenyewe, kama Profesa Felix Chami, wakachimba, walionyesha kuwa mizizi ya miji ile ni wakulima na wafua chuma wa humu humu. Ardhi ni ile ile, lakini masimulizi yaligeuka kwa sababu jembe lilishikwa na mkono mwingine.

Kwetu Mara mwanzo mwema umekwisha fanywa. Mwaka 2003 kampuni ya Brill ya Uholanzi ilichapisha kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara ya kusini, kikihaririwa na Mmarekani, Bibi Jan Bender Shetler. Twamshukuru. Lakini twauliza: ni shule ngapi za wilaya zetu zilizo nacho? Na kazi hiyo itaendelezwa na nani, kama si watoto wa wazee wale wale walioandika?

Sasa, kijana wa Ringwani, sikiliza njia zilizopo. Ya kwanza ni ya chuo kikuu: ukishika vizuri historia na jiografia sekondari, waweza kusoma akiolojia na urithi Dar es Salaam. Ya pili ni ya usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Ardhi, kwa aliye hodari wa hesabu na kuchora. Ya tatu ni ya makumbusho, na hapa hatuna haja ya kwenda mbali: Butiama, katika mkoa wetu huu, pana Makumbusho ya Mwalimu Nyerere tangu mwaka 1999. Ya nne ni ya fundi. Mwashi aliyefundishwa kazi za chokaa na mawe hahitaji shahada kuheshimiwa.

Asidharau mtu njia hii ya nne. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa Unguja mwaka 1883, iliporomoka, watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa katika mji wa urithi wa dunia, wenye mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985. Cheo hakikulizuia kuanguka. Nyumba ya kale yataka mkono wa fundi kila mwaka, tena fundi ajuaye kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huzuia maji kutoka na kuuozesha ukuta kwa ndani.

Wazazi watauliza: mtoto atakula mawe? Hatutaki kudanganya. Nafasi za serikali katika kazi hii ni chache. Lakini tangu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa ya barabara na migodi yapaswa kupimwa athari zake kabla ya kuanza, na wataalamu wa malikale huitwa kuangalia kilichomo ardhini. Mkoa wa dhahabu kama Mara haukosi miradi. Na mgeni aliyekuja kuona simba aweza kulala siku moja zaidi, kama yuko mtu wa kumwonyesha boma na kumweleza kweli, si hadithi ya kubuni.

Basi twataka mambo matatu. Halmashauri za Serengeti na Tarime ziandike orodha ya maboma, magofu na mahali pa emisambwa, kwa idhini ya wazee, maana pengine si pa kuonyeshwa kila mtu. Ziwapokee wanafunzi wa vyuo wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, na wa kwanza wawe watoto wa kwetu. Na kila shule ya sekondari iwape wanafunzi wake kazi moja ya likizo: kukaa na mzee mmoja na kuandika asemayo, jina la rika yake na majina ya vilima. Kazi hii ya tatu haitaki fedha wala kibali. Yataka daftari.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa ni wazee kuondoka bila kuulizwa, nao ukuta walioujenga mababu, ukibomolewa, hapana atakayeweza kuujenga tena. Shime wananchi, likizo ijayo isipite hivi hivi.