Pesa za shule za ubongo zipite na Karhale

Vijana wa Kadutu, na ninyi wa Ibanda na Bagira munaotusoma kwenye simu,

Kuko pesa ambayo wengi hapa kwetu hawajaisikia. IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo lililoanzishwa 1961, linatoa ruzuku kwa chuo kinachotaka kupokea shule fupi ya sayansi ya ubongo. Wanafunzi wanatoka nchi mbalimbali, walimu wanatoka ng'ambo na Afrika yenyewe, na mara nyingi anayechaguliwa analipiwa tiketi na mahali pa kulala. Shule kama hizo zimefanyika Cape Town, Rabat, Nairobi. Bukavu sisi hatujaona hata moja.

Mutatuuliza: vita iko mlangoni, watu wana njaa, na ninyi munatuletea ubongo? Ndiyo, njo maana tunauleta.

Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa kule Kwango ambao Wayaka wanauita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu mzima kabisa anaamka au anatoka shambani, miguu imekazana, na haitarudi tena kama zamani. Unapiga zaidi watoto na wamama. Sababu inajulikana: mihogo michungu ambayo haikuloweshwa vya kutosha, sumu ya sianidi inabaki ndani, na kwenye sahani hakuna nyama wala maharagwe ya kusaidia mwili kuitoa. Sisi tulikuwa tunasema hayo ni mambo ya Bandundu. Lakini 2011 watafiti wa hapa Bukavu, pamoja na wenzao wa nje, walichapisha kwamba konzo imeonekana Kivu Kusini, kule Burhinyi, na kichwa cha makala yao kilitaja vita waziwazi. Inaeleweka. Mama anayekimbia na watoto mgongoni hana siku tatu za kulowesha mihogo.

Tena kuko njia ya kupunguza sumu ambayo haiombi hata franka moja. Unachanganya unga na maji, unautandaza mwembamba juu ya mkeka, saa mbili kwenye jua au saa tano kivulini, sumu inatoka na hewa, kisha unapika bugali siku hiyohiyo. Mtafiti wa Australia, Bradbury, njo aliitengeneza, na wamama wa Bandundu walifundishwa. Pitia soko la Kadutu leo, uulize wauza unga kama kuna aliyewaambia.

Hapo njo tunaona maana ya shule ya ubongo. Ugonjwa uko hapa, wagonjwa wako hapa, lakini kijana anayetaka kujifunza namna sianidi inavyoharibu neva anapaswa kupanda ndege. Kifafa ni hivyohivyo: familia ngapi za mtaa wetu bado zinamficha mtoto nyumba ya nyuma? Na majeraha ya akili ya miaka thelathini ya vita yanaachiwa SOSAME na wachache wengine wanaojitolea. Hatuzarau kazi yao. Tunasema hawatoshi.

Wengine wanasema shule ya namna hiyo inaomba maabara ya Ulaya. Si kweli, na mfano uko karibu. Tangu 2011 kikundi cha TReND in Africa kilianza kufundisha sayansi ya ubongo Ishaka, magharibi ya Uganda, kwenye kampasi ya Kampala International University. Walitumia nini? Inzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva. Inzi analishwa kwa bei ya bure, anazaa haraka, na neva zake zinafundisha mengi juu ya zetu. Ishaka si New York. Na inzi, kama ni hao tu, Nyamugo haina upungufu!

Sasa tuseme ukweli kati yetu. Ruzuku haiji kumtafuta mtu. Chuo kinapaswa kuandika dosie: programu, walimu waliokubali, bajeti, barua ya kupokea wageni, namna ya kuchagua wanafunzi. Nyingi ya karatasi hizo ni za Kiingereza, na sisi tulisoma kwa Kifaransa kuanzia msingi mpaka lisansi. Lakini kizuizi kingine kiko ndani ya nyumba: tangazo linafika kwa mkubwa mmoja, linalala kwenye simu yake, na siku ya mwisho inapita. Mwenzetu mmoja alikwisha kukubaliwa kwenye shule ya nje, akapoteza nafasi sababu pasipoti ilikaa miezi katika ofisi fulani. Hatutaji jina, munajua mambo.

Tunaomba Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu, kilicho hapa Karhale, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki, waketi pamoja na kuandika dosie moja juu ya konzo, kifafa na majeraha ya vita. Somo lifundishwe kwa Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza kiwe na mkalimani. Nafasi zitolewe kwa mtihani na majina yabandikwe ukutani, si kwa mtoto wa shemeji. Matangazo yote ya ruzuku yabandikwe pia. Na IBRO nayo ipokee dosie za Kifaransa: tangu lini ubongo unafanya kazi kwa Kiingereza peke yake?

Tunajua kwamba tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa M23, benki zimefunga na Kavumu haipokei ndege za abiria. Mgeni hawezi kualikwa kesho. Lakini dosie inaandikwa kwa kalamu na kompyuta, hata umeme ukikatika. Pesa inaweza kushikwa na chuo mshirika, na awamu ya kwanza inaweza kufanyika Uganda, viti vya Kivu vikiwa vimehesabiwa tangu mwanzo. Leta ya Kinshasa, iliyotusahau kwa mengi, iweze angalau kutoa hati za kusafiria kwa wakati.

Barua ya vyuo viwili iko tayari. Tunatafuta wahitimu wa utabibu, biolojia na saikolojia wanaoandika Kiingereza vizuri, wasaidie kutafsiri vipengele vya dosie. Hakuna malipo. Mwenye nia atuandikie kabla hatujaipeleka.