Kabla ya kununua pampu ya kukanyaga, vijue viungo vyake

KUNA watu mijini wanaonunua mashine ya kukimbilia sebuleni. Mtu anapanda, anatoka jasho nusu saa, na akishuka yuko pale pale alipoanzia. Hatumcheki, kwani afya ni mali. Lakini kwa mkulima wa Mtawanya, wilayani Kibiti, jasho la miguu linaweza kufanya zaidi ya hapo: kupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tuta la nyanya.

Ndugu msomaji, nazungumzia pampu ya kukanyaga. Ilibuniwa Bangladesh mwishoni mwa miaka ya 1970 na mhandisi kutoka Norway, Gunnar Barnes. Huku kwetu Afrika Mashariki ilipata umaarufu kwa jina la MoneyMaker, pampu zilizoanzia Kenya katika miaka ya 1990. Wazee wa Rufiji walilima mlau kwa kufuata unyevu ulioachwa na mafuriko. Pampu inamwezesha mkulima kuendelea na mchicha na bamia hata unyevu huo ukiisha.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunainunua kwa kutazama rangi na bei. Baada ya miezi michache imelala kando ya banda la kuku, na mwenyewe anaambiwa mvivu. Mimi nasema kosa si uvivu. Kosa ni kuuziwa chombo bila kuelezwa viungo vyake na mipaka yake.

Jirani yangu wa shamba alinunua moja. Maji ya kisima chake yako mita 11 chini. Alikanyaga mpaka magoti yakalegea, tone halikutoka. Alipomrudia muuzaji, akaambiwa aongeze nguvu! Ukweli ni kwamba hata angepanda mcheza mpira wa Taifa Stars, maji yasingetoka. Pampu ya kunyonya haivuti maji kama kamba inavyovuta ndoo. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji juu. Uzito huo, hata hapa pwani, hauwezi kuinua maji kupita mita 10 hivi, na kwa kazi halisi hesabu mita 7.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kamba yenye jiwe. Pima kutoka pale pampu itakapokaa hadi usawa wa maji, tena pima wakati wa kiangazi, si masika maji yakiwa karibu.

Halafu tazama viungo. Pedeli mbili zimeunganishwa ili moja ikishuka nyingine ipande. Kila moja inaendesha pistoni ndani ya silinda. Kwenye pistoni kuna kikombe cha mpira kinachoziba hewa, nacho ndicho kinacholika mapema, hasa maji yakiwa na mchanga. Ndiyo sababu kichujio mwishoni mwa bomba si pambo. Vali huruhusu maji kupita upande mmoja tu. Ikikwama kwa takataka, utakanyaga bure. Bomba la kunyonyea liwe gumu, kwani laini hujibana, na maungio yake yasipitishe hewa.

Uliza pia kama pampu inasukuma maji ndani ya mpira au inayamwaga tu mdomoni. Ya kumwaga inafaa shamba lililo chini ya kisima. Bustani ikiwa mwinuko, utahitaji ya kusukuma.

Wapo watakaosema sasa ni zama za pampu za umeme wa jua. Ni kweli, na mwenye kisima kirefu na mtaji asisite. Lakini kwa bustani ya robo eka kando ya dimbwi, miguu inatosha, na fundi baiskeli anaweza kuitengeneza, mradi vipuri vipo. Mkulima akilazimika kupanda basi hadi Dar es Salaam kutafuta kikombe cha mpira, nauli inazidi bei ya kikombe, na msimu unampita.

Hapa ndipo wenye maduka ya pembejeo wanapopaswa kubadilika. Anayeuza pampu auze na vipuri vyake. Vyama vya ushirika vinavyokusanya korosho zetu navyo vinaweza kuweka boksi moja la vikombe na vali ghalani. Hilo halihitaji mfadhili.

Nawe mnunuzi, usitoe fedha kabla hujakanyaga mwenyewe kwa robo saa, ukiwa na mkeo au mumeo kama naye ataitumia. Mwombe muuzaji afungue silinda mbele yako na akuoneshe kikombe cha akiba. Akikataa, ondoka na fedha zako. Kuuliza si ujinga.