Ghala, Nafaka na Mizani

Safari yangu ya Cape Town haikuwa ya kishairi. Nilibakiwa na siku moja kabla ya kurejea nyumbani, nikaitumia katika makumbusho ya Zeitz MOCAA, yanayohifadhi sanaa ya kisasa ya Afrika. Niliingia na shaka ya mwanamapokeo: niliamini kwamba usasa, katika uchoraji kama katika ushairi, aghalabu ni jina la heshima la kutojua kanuni.

Jengo lenyewe ndilo lililonijibu. Zamani lilikuwa ghala la nafaka, lililokamilika mwaka 1924, lenye mapipa marefu 42 ya zege. Kazi yake ilikoma mwaka 2001, likabaki tupu. Msanifu Thomas Heatherwick hakulibomoa, wala hakuliacha kama lilivyokuwa. Alichukua umbo la punje moja ya mahindi, akalikuza mara nyingi, akachonga ukumbi wa umbo hilo katikati ya mapipa. Na kabla ya kukata, kuta kuukuu ziliimarishwa kwa zege jipya, zisije zikaporomoka.

Niliposimama ukumbini, nuru ikishuka kutoka juu ya mapipa yaliyokatwa, nilikumbuka mabishano yetu yasiyokwisha tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974. Sisi wa vina na mizani tunalinda kuta. Wenzetu wa mashairi huru wameshika patasi. Anayekata ukuta asiojua unavyosimama ataangukiwa nao. Lakini anayelinda ghala lisilotiwa nafaka mpya, analinda nini?

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea shairi kuhusu kifo cha mama yake. Nilihesabu mizani, nikaona hazilingani, nikamrudishia nikiwa nimeandika neno moja pembeni: guni. Sikukiri kwamba ubeti wa tatu ulinitoa machozi. Beti mbili za kwanza zilikuwa timilifu, mizani kumi na sita kila mshororo. Zilivunjika pale tu alipofika kwenye kitanda kitupu.

Sisemi kwamba kila guni ni uvumbuzi. Mengi ni uvivu mtupu. Nasema, kabla ya kuhukumu, tuulize kama mkataji alijua anachokata. Yule kijana alijua, nami sikumuuliza.

Nimemwomba aniletee tena shairi lake. Safari hii nitalisoma kwanza, ndipo nihesabu.