Kupeleka Taka, Kupeleka Wapi?

Kasongo na Kabambare, taka za nyumba nyingi zinaishia katika shimo la parseli au katika moto wa jioni. Shimo hilo liliwatosha wazee wetu, kwa sababu walichotupa kilikuwa maganda ya muhogo, vijiti vya sombe, makapi ya mpunga na majivu. Leo shimo lile lile linapokea sashe, chupa za plastiki, betri za tochi na vipande vya taa za sola. Maganda yanaoza, sashe inabaki. Mvua ikija inazikokota sashe hizo mpaka mferejini, maji yanasimama nyuma yake, na mbu wanapata makao.

Ndiyo maana wazo la kumlipa mtu apite na pusupusu mlango kwa mlango si anasa ya watu wa Kinshasa. Ni jambo ambalo mitaa yetu italazimika kuliamua. Lakini mara nyingi mazungumzo yake yanaanza na kuisha kwa swali moja: franka ngapi kwa mwezi? Kwa maoni yangu, bei ifuate nyuma. Kwanza tuulize taka zitapelekwa wapi, na ahadi hiyo imeandikwa kwa lugha gani.

Tuanze nyumbani, kwa sababu hapo ndipo uchaguzi unapoanzia. Ukimwaga taka za siku moja chini na kuzitazama, utaona kwamba sehemu kubwa ni vitu vilivyotoka shambani. Hivyo havihitaji pusupusu. Vikifunikwa kwa udongo kidogo katika kona ya parseli vinageuka mbolea, na kumlipa mtu avibebe ni kumlipa abebe udongo wako mwenyewe. Sehemu ya pili tayari ina wateja: bido la mafuta ya mawese halitupwi, chupa inarudi sokoni, kopo linageuka koroboi. Wasomi wanapozungumzia urejelezaji, mama zetu sokoni wanaufanya bila kuupa jina. Inabaki sehemu ya tatu: sashe, betri, dawa zilizopita muda, vioo vilivyovunjika. Ni ndogo, lakini ndiyo yenye madhara, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kulipiwa. Nyumba iliyotenga taka zake italipia mzigo mdogo, na hata mwenye makuta machache ataweza.

Baada ya hapo tuangalie waliotutangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jiji la Dar es Salaam lilikuwa linazoa sehemu ndogo tu ya taka zake. Mwaka 1994 kazi ya katikati ya jiji ikapewa kampuni moja binafsi, Multinet Africa. Baadaye yakaongezwa makampuni mengine, kisha vikundi vya wakazi wenyewe katika kata zao. Shida iliyowasumbua ilikuwa malipo: nani anadaiwa, nani anakusanya, na mkazi asiyehudumiwa afanye nini. Kinshasa ilikuwa na shida ya namna nyingine. Mpango wa usafi uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya uliendesha kazi ya taka katika sehemu ya jiji. Fedha hizo zilipokoma mwaka 2015, kazi ikalegea na malundo yakarudi. Na Bukavu inatufundisha jambo la tatu. Taka zinazotupwa mabondeni zinateremka mpaka Ziwa Kivu, zinaingia mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Mtu anatupa sashe mlimani, kisha anashangaa kwa nini taa imezimika.

Katika habari hizo tatu tunakutana na maswali yale yale: nani analipa, kazi itaendelea kwa fedha ya nani, taka zinaishia wapi. Majibu yake yanapaswa kukaa katika mkataba, na mkataba ni kazi ya lugha. Hapo ndipo kitivo chetu kinahusika.

Chukua mfano wa mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa. Utasema kwamba mchukua taka atafanya «évacuation». Neno hilo linakitoa kitu nje, wala halidai mahali pa kukifikisha. Mtu anaweza kumwaga mzigo wote katika bonde la mtaa wa jirani na akawa ametimiza neno lake. Kwa Kiswahili pia tunaweza kuangukia mtego huo tukiandika «ataondoa» au «atatoa». Lakini tunacho kitenzi «kupeleka», na hicho hakituachi tulale. Ukisema «nitapeleka», hata mtoto atakuuliza: wapi? Basi mkataba uandikwe «atapeleka», na mahali patajwe.

Vivyo hivyo neno «uchafu». Katika usemi wetu linabeba kila kitu, kuanzia vumbi la nyumba mpaka mzoga wa mbuzi. Aliyeahidi kuchukua uchafu atakataa nini? Na wewe uliyelipa utamdai nini? Tukisema taka zinazooza, taka zinazouzika na taka za hatari, kila upande unajua wajibu wake. Neno «kila wiki» nalo lina ubishi wake: Jumatatu asubuhi, au siku yoyote atakayopata nafasi? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taka si mali, lakini franka inayolipwa kila mwezi ni mali.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya sheria, na sheria za Kongo zipo. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na wajibu wa kuyatetea. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 iliweka misingi ya ulinzi wa mazingira. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Hata hivyo, nenda sokoni ununue chumvi au karanga, uone utafungiwa katika nini. Sababu ni nyingi, na uhaba wa kitu cha kufungia ni mojawapo. Lakini kuna nyingine inayotuhusu sisi moja kwa moja. Kifungu cha 142 cha Katiba hiyo hiyo kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku sitini tangu kutangazwa. Kiswahili ni mojawapo. Ni wangapi kati yetu wamewahi kushika mkononi sheria ya mazingira kwa Kiswahili? Mama muuza karanga anawezaje kutii katazo ambalo hakuambiwa kwa lugha yake?

Wengine watauliza: Kiswahili kipi? Nyumbani watu wanasema Kizimba, Kikusu, Kizura, Kibangubangu, na Kiswahili cha vitabu kinawatoa jasho. Pingamizi hilo ni la haki. Mkataba wa taka usiandikwe kwa Kiswahili cha kuonyesha elimu. Uandikwe kwa Kiswahili cha soko, kile ambacho Mbangubangu na Mzimba wanakitumia kukubaliana bei bila mkalimani. Tangu siku za waungwana, lugha hii ilienea Maniema kwa sababu iliwawezesha wageni kwa wageni kupatana. Na kwa kuwa si kila mtu anasoma, usomwe kwa sauti mbele ya wakazi wa mtaa na shefu wa kartie kabla mtu yeyote hajatia sahihi au kidole.

Ombi langu kwa wanafunzi wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Kati ya kazi za tafsiri tunazopewa kila mwaka, moja iwe mfano wa mkataba wa taka, ukurasa mmoja tu, wenye majibu sita: nani anachukua, anachukua nini, siku gani, anapeleka wapi, nani anapokea fedha na kuandika daftari, na mkazi afanye nini kazi isipofanyika. Mfano huo upelekwe kwa mashefu wa kartie, Kasongo na Kabambare, wauzoeshe kwa watu wao na kuurekebisha wanavyoona. Kijana wa pusupusu ataulinda kama mkazi anavyoulinda, maana naye anahitaji kujua atalipwa siku gani na hatalaumiwa kwa lipi.

Bei itajadiliwa, na itabadilika. Lakini anayekubali bei kabla hajasikia taka zinapelekwa wapi, huenda analipa zihamishwe kutoka mlango wake mpaka mto anaochota maji.